Baba Mkwe na Mimi Ndani ya Meli Moja

Nilikisikia kikohozi wakati meli imeshaondoka gatini Kiwira, na watu waliotusindikiza wamekuwa wadogo kiasi kwamba hata ningepiga kelele wasingenisaidia. Kikohozi kile nakijua. Ni kifupi, kinarudiwa, halafu kimya. Tangu niolewe kimenikimbiza migombani, kimenikimbiza nyuma ya choo, na siku moja kilinichuchumaza kwenye shamba la kakao na ndoo ya maji kichwani, siafu wananipanda mguuni, mpaka mwenye kikohozi alipopita. Sasa kilikuwa kinatoka kwenye chumba cha jirani na chetu, ndani ya meli ambayo unaweza kuizunguka yote kabla chai haijapoa.

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anayatazama maji kwa bidii.

"Huyo ni nani?"

"Nani?"

"Usinifanye mjinga. Huyo anayekohoa."

"Baba," akasema, bila kunitazama. "Nimemleta na baba."

Kwa msomaji asiye wa kwetu, inabidi nieleze kwa nini nilikaribia kujitupa ziwani. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mkamwana hamtazami baba mkwe wake usoni. Hali naye, hazungumzi naye. Wakikutana njiani mwanamke huacha njia, hugeuka na kujifunika kichwa mpaka mzee apite. Mzee naye ana wajibu wake: hukohoa akiwa mbali ili asikushtukize. Ni heshima, wala hakuna ugomvi ndani yake. Wengi wa umri wangu wameiacha, na pale Kyela mjini nawaona watu na wakwe zao wanakunywa soda meza moja. Familia ya mume wangu haijaiacha. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha, huku ananicheka kila nilipokosea, na nikaishika kwa sababu nilimpenda yule mama. Pia, niseme ukweli, mtu akishazoea kujificha, kujitokeza ndiko kunakuwa kazi.

Mama mkwe alifariki mwaka juzi. Mzee akabaki peke yake kijijini Ngonga, na mpunga wake na nyumba iliyokuwa kubwa ghafla. Masika yaliyopita aliteleza mlangoni, akaanguka, akalala pale sakafuni mpaka jirani alipokuja kuazima jembe. Mume wangu alimwomba ahamie kwetu mjini. Alikataa. Akaombwa tena, akakataa tena, na kila mara jibu lilikuwa lilelile: "Nyumba ya mjini hiyo, mkamwana atajificha wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Nyumba yetu ina korido moja, sebule moja na bafu moja. Lakini huko Ngonga maneno yakaanza kuzunguka kwamba mimi ndiye niliyemkataa mzee, kwamba fundi cherehani wa mjini hataki harufu ya mzee ndani. Yalinichoma. Nilikuwa namtaka yule mzee nyumbani kwangu. Nilikuwa siwezi kusikia mvua usiku bila kuona sakafu ya Ngonga. Ila ningemwambiaje, na mimi siruhusiwi kusema naye? Nilimtuma mume wangu, na ujumbe unaopita kwa mume wangu unafika umepungua nusu. Yeye ni fundi wa injini. Akiambiwa "mwambie baba nalia kila nikimfikiria", anakwenda kusema "mke wangu anakusalimu".

Injini ndizo zilizotupeleka kwenye meli. Mtu mmoja alikuwa amenunua meli ndogo ya kutembeza wageni wanaopenda ndege na wanyama, kutoka kaskazini mwa ziwa kushuka chini ya milima ya Ukinga mpaka kwenye visiwa vya mawe huko kusini, visiwa ambavyo hakuna anayeishi. Mume wangu ndiye aliyeifufua injini yake. Safari ya kwanza ilikuwa ya kujaribu, ya wageni wachache, na tajiri akamwambia alete watu wake. Mimi nikaambiwa ni safari yetu wawili, tupumzike. Nikashona gauni jipya. Baba yake, kumbe, aliambiwa ni safari ya baba na mwana. Akapandishwa mapema, akafungiwa chumbani apumzike, halafu nikapandishwa mimi.

"Nilitaka mzoeane," mume wangu alijitetea. "Hapa hakuna pa kukimbilia."

"Ndiyo maana watu wanakusifia injini tu."

Pa kukimbilia palikuwepo. Nilikwenda jikoni. Mpishi alikuwa mama wa Kikisi kutoka Matema, mnene, mcheshi, na nilipomweleza shida yangu hakuuliza swali hata moja. Alinipa kisu na beseni la vitunguu. Siku ile ya kwanza niliiona safari kupitia kidirisha cha jikoni, ambacho kilinionyesha maji, kikanionyesha mbingu, kisha maji tena. Kule juu mwongoza wageni, baba mtu mzima kutoka Mwanza anayewapenda ndege kuliko binadamu, alikuwa anapiga kelele za furaha. "Furukombe! Kulia, kulia! Amekamata!" Miguu ilikimbia juu ya kichwa changu. Nami nikamenya.

Mwongoza wageni alikuja kunichungulia mchana. "Mama, umekuja kuona ndege au vitunguu?"

"Vitunguu," nilisema. Akaenda zake.

Choo kilikuwa kimoja, mwisho wa korido. Hapo ndipo mimi na mzee tulipoanza kuelewana bila kukutana. Yeye akitaka kutoka, anakohoa. Mimi nikiwa kwenye korido nagonga ukuta, anasubiri. Nikishapita nagonga tena. Mume wangu alisimama katikati kama askari wa barabarani, jasho linamtoka, wageni wawili wa Kizungu wanamtazama kwa huruma. Sikumwonea huruma hata kidogo.

Kesho yake mwongoza wageni alirudi jikoni amechukia kweli. "Mimi sijawahi kuona," alimlalamikia mpishi. "Huyu mama hatoki jikoni, na yule mzee hatoki chumbani. Jana hakuona hata kiboko. Nimemwambia tunapita karibu na miamba, anasema ana usingizi."

Kisu kilisimama mkononi. Muda wote nilidhani mzee yuko juu anafurahia, na mimi ndiye niliyelipa gharama ya heshima. Kumbe naye alikuwa amejifungia ili mimi nipate kutoka. Na huyu ni mtu ambaye tangu ujana alitamani kazi ya meli, baba yake akamkatalia akampa jembe, akalima mpunga maisha yake yote huku meli zinapiga honi bandarini. Hajawahi kuvuka Matema. Nilijisikia vibaya, halafu nikakasirika, kwa sababu mimi nikijisikia vibaya hukasirika.

Nikamwita mume wangu. "Mwambie baba yako atoke. Mwambie mimi nimeridhika na jiko."

Alikwenda, akarudi. "Anasema wewe ndiye utoke. Anasema yeye ameshazeeka, ameona mengi."

"Ameona mpunga! Nenda kamwambie nina kizunguzungu, siwezi kukaa juu."

Alikwenda, akarudi. "Anasema yeye pia ana kizunguzungu."

Mpishi alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la viazi. Mume wangu alisimama mlangoni ameshika kichwa, na nadhani ndipo alipoelewa kwamba meli haina njia ya kuwazoeza watu wanaoshindana kwa heshima.

Tulifika visiwani asubuhi. Nanga iliposhuka nilihisi meli inatulia, na harufu ya kinyesi cha ndege ikaingia jikoni, kali, hata vitunguu vikashindwa. Mume wangu akaja mbio.

"Baba anasema upande juu ukaone."

"Yeye yuko wapi?"

"Juu."

"Sasa nipandeje? Amekaa anatazama wapi?"

"Hatazami popote," alisema, na sauti yake ilikuwa ngeni kidogo. "Njoo uone mwenyewe."

Nilijifunika khanga kichwani, nikapanda ngazi kwa ubavu kama kaa. Katikati ya sitaha palikuwa na kiti cha plastiki, na juu ya kiti palikuwa na blanketi la kijivu. Lilikuwa limekaa wima. Chini yake ilitokeza miguu ya suruali na kandambili za raba. Baba mkwe wangu alikuwa amejifunika kichwa mpaka magoti, katika jua lile, mbele ya wageni, ili mimi nisilazimike kujifunika.

Mwongoza wageni alinisogelea akaninong'oneza. "Mzee ana homa?"

"Hana," nikasema. "Ana heshima."

Kwetu anayejifunika ni mwanamke. Sijawahi kusikia, wala mama mkwe hakuwahi kunisimulia, kwamba mzee alijifunika kwa ajili ya mkamwana. Nilikwenda nikashika chuma cha ukingoni.

Wakati huo boti la mpira lilikuwa linashushwa kuwapeleka wageni karibu na mwamba. Mwongoza wageni aliingia, wageni wakaingia, na mume wangu naye akajipenyeza haraka kama mtu anayekimbia deni. Injini ikalia, wakaondoka. Mpishi alikuwa chini na sufuria zake. Juu tulibaki mimi na blanketi.

Nikatazama kisiwa. Kilikuwa mawe matupu, makubwa kuliko nyumba, yamepandana, yamepakwa weupe juu na ndege wa vizazi na vizazi. Ndege wenyewe walikuwa wamejaa, weusi, mabawa wazi, kama nguo zilizoanikwa. Pimbi walikuwa wanaota jua kwenye nyufa. Maji chini yetu yalikuwa safi mpaka niliona kivuli cha meli kikitembea juu ya mawe ya chini, na mbuna, samaki wadogo wa mawe, wakipita ndani yake, wa bluu, wa njano, wenye mistari. Nilisahau kwamba nilikuwa na hasira.

Blanketi likakohoa.

"Kuna nini?" liliuliza.

Niligeuka kuona anaulizwa nani. Hapakuwa na mtu.

"Kuna nini huko?" likauliza tena, polepole zaidi. Nikawaza kwamba nikikaa kimya, mtu huyu atakuwa amesafiri ziwa zima kuja kukaa gizani.

"Kuna ndege, tata," nikasema, nikimwita baba kwa lugha yetu.

Sauti ilinitoka ndogo, ya kitoto. Blanketi halikushtuka.

"Ndege gani?"

"Weusi. Shingo ndefu. Wamekunjua mabawa, hawaruki."

"Minandi hao. Wanajikausha. Wengi?"

"Wengi. Jiwe lenyewe halionekani."

"Eeh," alisema, na nikaona blanketi likitikisa kichwa. "Na kwenye maji?"

Nikaanza kumwambia. Nilimwambia rangi za samaki, na alipotaka kujua ukubwa nikasema kama kidole, kama kiganja. Nilimwambia kenge aliyekuwa anapanda mwamba, mvivu, tumbo linaburuzika. Halafu wakatokea wanyama wawili majini, na nikapiga kelele kabla sijakumbuka ninasema na nani. "Tata! Kuna wanyama, wana masharubu, mmoja amelala chali, anamla samaki amemshika kwa mikono kama mtu!"

Alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. "Fisi maji! Wezi wakubwa hao. Walikuwa wanatoboa nyavu za baba yangu, halafu wanatutazama."

"Hawa nao wananitazama."

"Watukane."

Tulicheka wote. Kisha, kwa sababu mwongoza wageni alikuwa amezieleza kwa sauti kubwa kabla ya kuondoka, nikamwambia habari za mama mbuna anayewabeba watoto wake mdomoni. Kukiwa na hatari wanaingia wote, ikipita anawatema, wanazunguka mbele ya uso wake.

"Na yeye muda huo anakula nini?" blanketi liliuliza.

"Wanasema hali."

Boti la mpira lilionekana dogo upande wa pili wa mwamba.

"Kama mama yenu," alisema. "Ule mwaka mafuriko yalipobeba mpunga wote. Alikuwa anasema ameshakula jikoni. Mimi nikimwamini."

Siku ya msiba, mimi nilikuwa upande wa nyuma wa nyumba na wanawake, yeye upande wa mbele na wanaume. Tulimlilia mtu mmoja, ukuta ukiwa katikati. Kila mtu Ngonga alimpa pole yule mzee, hata wapita njia, hata wenye bodaboda. Mimi niliyemwosha mke wake siku zake za mwisho sikumwambia neno.

"Pole, tata," nikasema. "Pole kwa mama. Sikupata nafasi ya kukuambia."

"Ndaga," blanketi likanishukuru. "Ndaga fijo, mwanangu."

Nililia pale ukingoni, kwa sauti, bila kujizuia. Faida ya mtu aliyejifunika blanketi ni kwamba hawezi kukuambia usilie. Nilipomaliza nikajifuta kwa khanga, na kwa vile nilikuwa nimeshavuka mto sikuona sababu ya kusimama ukingoni.

"Tata, njoo ukae kwetu."

"Mume wako ameshasema."

"Huyo hasemi vizuri. Mimi ndiye ninayesema. Sisinzii mvua ikinyesha, nakuona umelala sakafuni. Njoo ukae kwetu."

"Utajificha wapi?"

"Sitajificha."

"Basi nijifiche mimi? Na blanketi, kwa joto la Kyela?" Akakohoa, lakini kilikuwa kikohozi cha kawaida, cha mtu aliyekauka koo. "Nimekaa humu kidogo tu, nimeshaiva kama kande."

"Basi toka, tata. Toka ndani ya hilo blanketi."

"Uko tayari?"

Nilivuta khanga ikanikaa vizuri kichwani, nikauacha uso wazi. "Niko tayari."

Alilivuta taratibu. Jasho lilikuwa linamtiririka, nyusi zimejaa mvi, na masikio yalikuwa yaleyale ya mume wangu, yaliyotokeza. Hakunitazama kwanza. Alitazama mwamba, muda mrefu, mdomo wazi kidogo, na macho yake yakaenda juu mpaka kwenye ncha na kushuka mpaka majini. "Minandi," alisema. "Si nilikuambia." Kisha akageuka, akanitazama mara moja, haraka, kama mtu anayechungulia jua.

"Kumbe ndivyo ulivyo," akasema.

"Ndivyo nilivyo, tata."

Wenzetu waliporudi walitukuta tumekaa, viti viwili, nafasi kubwa katikati, wote tunatazama fisi maji. Mume wangu alitaka kujichekea. Nikamwonyesha kidole, akaacha.

Safari ya kurudi niliiona yote. Mwera, ule upepo mkali wa kusini, ulivuma siku moja mpaka vyombo vikaanguka jikoni, na mzee akanieleza, bila mkalimani, jinsi mawimbi yale yanavyopanda na saa yanapochoka. Alikuwa bado anakohoa kila akikaribia ngazi, na mimi bado nilikuwa nageuka ubavu akipita. Hatukuweza kuwa watu wengine kwa siku chache. Asubuhi ya mwisho hewa ilikuwa safi na Mlima Rungwe ukaonekana wote, na mwongoza wageni akaokota majini jiwe linaloelea, lile jepesi tunalosugulia visigino, akasema limetoka kwenye moto wa mlima ule zamani sana, likaletwa na mito. Mzee alilishika akalipima mkononi, akalirudisha ziwani kuona kama litaelea tena. Likaelea. Alifurahi kama aliyelitengeneza.

Ila lile ombi langu hakulijibu. Na mimi sikulirudia, maana kumwambia baba mkwe neno zito mara moja tayari ni ujasiri wa mwaka mzima. Nilimenya viazi siku ile kwa hiari yangu, nikiwaza nyumba ya Ngonga, nikiwaza masika yanayokuja. Mume wangu aliniuliza amesema nini, nikamwambia hajasema, naye akashusha mabega. Kadiri gati la Kiwira lilivyokaribia ndivyo nilivyozidi kumenya. Nilijua akishapanda kurudi kwake, ukuta utarudi, na kikohozi kitarudi kuwa kikohozi.

Tuliposhuka bajaji zilikuwa zinagombania abiria. Mume wangu alimkamata dereva mmoja anayetufahamu, akapakia mabegi.

"Tunaelekea wapi, wazee?" dereva akauliza. "Kyela mjini?"

Mume wangu alimtazama baba yake. Mimi nilitazama chini.

"Ngonga," mzee akasema.

Basi. Nilihisi machozi yakija, nikafunga midomo, nikamsaidia dereva kukaza kamba ya mabegi ili nipate cha kufanya.

"Ngonga kwanza," mzee aliendelea, anajipanga vizuri kwenye kiti. "Nikachukue kuku wangu. Niwaache na nani?" Kisha akanigeukia mimi, mbele ya dereva, mbele ya wachukuzi, mbele ya mama wa Kikisi aliyekuwa anashuka na masufuria yake, akaniuliza uso kwa uso. "Huko kwenu, pa kuwaweka papo?"

Hapakuwepo. Hatujawahi kufuga hata njiwa. Nilikuwa tayari walale juu ya cherehani.

"Papo, tata."

"Nina jogoo mmoja, anawika kungali giza. Majirani zako watalalamika."

"Awike," nilisema. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja na sikujali nani ananiona. "Awike tu, tata."